Kutathmini miradi ya afya: kubaki Kivu au kwenda ng'ambo?

Jalada la ripoti ya tathmini huwa na mistari miwili ya majina. Mstari wa kwanza ni wa kiongozi wa timu, mara nyingi mtu aliyekuja kwa ndege na atakayeondoka kwa ndege. Wa pili, kwa herufi ndogo kidogo, ni wa "mtathmini wa kitaifa": yule aliyejua njia ya Masisi, aliyeongea na muuguzi kwa lugha yake, aliyekesha akisafisha takwimu za Kobo, ile programu ya kukusanyia majibu kwa simu. Kwa miaka 6 jina langu lilikaa mstari wa pili. Kisha nikaenda Niger, na huko likapanda mstari wa kwanza bila mimi kuongeza akili hata chembe. Nilikuwa nimevuka mpaka tu.

Naanzia hapo kwa sababu kijana mmoja niliyemfundisha kazi ya udadisi, ya kuuliza watu kwa dodoso, alinijia Jumapili moja pale Himbi, simu mkononi, na ndani ya simu barua mbili. Moja inamtaka abaki Goma, huku kwetu mashariki mwa Kongo, awe afisa wa ufuatiliaji na tathmini kwenye mradi wa chanjo na lishe, mkataba wa kitaifa wa mwaka mmoja. Nyingine inamtaka Abéché, mashariki mwa Chad, kwenye miradi ya afya ya wakimbizi wa Sudan, mkataba wa kimataifa, mwaka mmoja vilevile. Akaniuliza, "Dada, we ungekamata gani?" Nilimjibu palepale, lakini lilikuwa jibu la mtu ambaye ugali wake unapoa. Hili hapa ndilo jibu lenyewe.

Pesa

Tuanze na pesa, maana hata anayesema haziangalii huwa ameshaziangalia.

Mkataba wa kitaifa una vitu ambavyo vijana huvidharau hadi vikosekane: makato ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yanayokwenda kwenye pensheni yako, kodi ya mshahara inayokatwa kabla hujaiona, matibabu ya mwenzi na watoto kwenye hospitali zilizokubaliana na shirika, na mara nyingi mwezi wa 13, yaani mshahara wa ziada wa mwisho wa mwaka. Mkataba wa kimataifa una mshahara mnono zaidi, nyumba ya pamoja, posho, tiketi, bima ya kukusafirisha ukiugua vibaya, na mapumziko ya lazima ikiwa kituo ni kigumu. Kwenye Umoja wa Mataifa mapumziko hayo huja kila baada ya wiki 4, 6, 8 au 12 kulingana na ugumu wa mahali. Kwenye karatasi, huu wa pili unashinda bila ubishi.

Sasa njoo Desemba. Mwaka wangu wa kwanza Niger nilipokea karibu mara 3 ya mshahara wa Goma. Nilipokaa chini na daftari, kilichobaki mkononi kilikuwa mara moja na nusu ya nilichokuwa nikiweka nyumbani. Nilikuwa naendesha nyumba mbili. Mahari ya kaka mdogo, matanga mawili, karo za wapwa 4, mabati ya nyumba ya mama kule Kadutu. Wote walijua niko ng'ambo, na kwa akili za watu wetu ng'ambo ni mtaa mmoja, Maradi ya Niger inapakana na Brussels. Kuhusu CNSS, miezi yote ile hakuna aliyeniwekea hata franga. Hilo nililigundua nilipokuwa nimesharudi, na pengo lile bado liko kwenye hesabu ya pensheni yangu.

Kwa hiyo usilinganishe mshahara na mshahara. Linganisha kitakachobaki, na uulize kwa maandishi nani analipia uzee wako.

Unachosikia na unachoweza kuandika

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapoachana kweli, na ndipo watu wanapofikiria kidogo kuliko kote.

Mwaka 2017 nilikuwa kwenye kituo kimoja cha afya milimani juu ya Kalehe. Nilikuwa nakagua daftari la chanjo, safu ya Penta 3, ile dozi ya tatu tunayoitumia kujua kama mtoto amefuatiliwa hadi mwisho. Kurasa za Juni na Julai zilikuwa na alama za vidole: tope, mafuta, mahali pengine tone la dawa ya kusafishia mikono. Vijiti vya kuhesabia vilipinda kila kimoja kivyake, bic ya bluu siku hii, nyeusi siku ile. Nikafunua Agosti. Ukurasa safi kama shuka la ubatizo. Vijiti vimesimama vitano vitano, kalamu moja, mkono mmoja, nguvu ileile ya kubonyeza kuanzia tarehe 1 hadi 31. Mwezi mzima ulikuwa umeandikwa kwa kikao kimoja.

Muuguzi mkuu alinitazama nikitazama. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, we ni mtoto wa hapa. Unajua vile tunaishiaka."

Nilijua. Alikuwa na miaka mingi kazini na serikali ilikuwa haijaanza kumlipa mshahara. Kilichomlisha ni marupurupu ya mradi, na marupurupu yalifuata namba. Agosti walikuwa wamekosa mafuta ya jokofu, chanjo zikaharibika, naye akaogopa kuandika sifuri. Mkewe alikulia mtaa mmoja na mama yangu. Haya yote nilielezwa kwa dakika 10, kwa Kiswahili chetu, bila mkalimani, kwa sababu nilikuwa nani.

Halafu nikae niandike. Niandike nini? Niliandika kwamba katika vituo 3 kati ya 11 takwimu hazikulingana na kadi za watoto nyumbani, na kwamba mafuta ya majokofu yanapaswa kutoka kabla ya mwezi kuanza. Sikutaja jina. Lakini eneo lile la afya ni dogo, kila mtu alijua ni vituo vipi. Miaka miwili baadaye nilikutana na mmoja wa wauguzi wale kwenye boti ya Bukavu, akahamia upande wa pili wa sitaha.

Sasa nikupeleke Niger. Kijiji nje ya Maradi, mama ameketi kwenye mkeka, mtoto mapajani, bendi ya mkononi inasoma chini ya milimita 115, yaani rangi nyekundu ya utapiamlo mkali. Namuuliza kwa nini alikosa wiki 3 za matibabu ya utapiamlo. Mama anaongea Kihausa kwa muda mrefu, anaonyesha barabara, anahesabu kwa vidole, anacheka kidogo bila furaha. Mkalimani ananigeukia: "Anasema ameridhika na huduma."

Sijui Kihausa. Ila masikio ya Mswahili hayakosi kushika kitu katika Kihausa, kwa sababu nasi na wao tuliazima kwa Mwarabu mmoja. Nilikuwa nimesikia alhamis, alhamis, alhamis, mara 4 au 5. Nikamwambia mkalimani, "Alhamisi ina nini?" Akasita. Ikaja kwa shida: Alhamisi ndiyo siku ya watoto wenye utapiamlo kituoni, na Alhamisi ndiyo siku ya soko. Akienda kituoni, hauzi. Asipouza, wale wengine 4 nyumbani hawali. Alikuwa amechagua.

Lile niliandika bila kutetemeka. Niliandika jina la kituo, siku, sababu, pendekezo: ihamishwe Jumanne. Hakuna shemeji yangu pale, hakuna mtaa wa mama yangu. Na ilihamishwa.

Kinachoniuma hadi leo ni kitu kingine. Mwenzangu wa Niger, yule ambaye jina lake lilikuwa mstari wa pili wa jalada, alikuwa anajua habari ya soko tangu siku ya kwanza. Nilipomuuliza mbona hakuniambia, alijibu kwa upole kabisa kwamba hakuna aliyemuuliza, na kwamba dodoso lilikuja limeshaandikwa. Dodoso niliandika mimi. Nikakumbuka viongozi wangu wote wa timu wa Goma, waliokuja na madodoso yao ndani ya begi.

Ukibaki, basi, utasikia karibu kila kitu, na kila usiku utapima kipi kiandikwe. Ukienda, utaandika kwa mkono mwepesi, lakini kati ya unachoambiwa na unachosikia atasimama mtu wa kukutafsiria, na wakati mwingine atakutafsiria heshima tu. Mimi, kwa kuwa nimeonja yote, naona kosa la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu hulioni. Ukiacha kuandika kitu, unajua umeacha. Usichokisikia hakikusumbui hata usingizini.

Usalama

Watu husema ng'ambo kuna usalama. Inategemea ng'ambo ipi. Abéché si Genève. Na mgeni hana kinga ya pekee: Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani (WHO), aliuawa hospitalini Butembo tarehe 19 Aprili 2019, wakati wa Ebola, akiwa amekuja kutusaidia sisi.

Tofauti ya kweli iko kwenye mlango wa kutokea. Jiji letu lilipobadilisha mikono mwishoni mwa Januari 2025, wafanyakazi wengi wa kimataifa walivushwa kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Wenzao wa kitaifa walijifungia na watoto chini ya vitanda, kisha wakarudi kazini kuhesabu majeruhi. Sisemi kwa uchungu, mkataba ndivyo unavyosema: anayetoka nje huondolewa, mwenyeji yuko kwake. Ukienda Chad, wewe ndiye utakayevushwa, na utawaacha wenzako wa Chad getini wakikupungia. Jiandae na hilo pia.

Kuna na hili, nitalisema kwa kupita: nyumbani kuna ripoti ambazo huwezi kuziandika kwa sababu ya shemeji, na kuna ripoti ambazo huwezi kuziandika kwa sababu nyingine. Anayeishi Goma ameelewa.

Jina lako na ngazi

Kwenye Umoja wa Mataifa kuna ngazi za wataalamu wa kitaifa, ambazo ni za raia wa nchi husika pekee, na kuna ngazi za kimataifa zinazoanza na herufi P. Mwenye shahada ya uzamili huhitaji kwa kawaida uzoefu wa miaka 2 kuingia P-2, miaka 5 kwa P-3 na miaka 7 kwa P-4. Ukikaa kwenye ngazi ya kitaifa unaweza kuwa bingwa kuliko bosi wako na bado bosi atatoka nje. Hadidu za rejea, zile tunazoziita TDR, huandikwa hivyo tangu mwanzo: kiongozi wa timu awe na uzoefu wa kimataifa wa miaka 10, mtathmini wa kitaifa ajue eneo. Kujua eneo hakulipwi bei ileile na kutolijua.

Tangu mkutano wa Istanbul wa 2016, wafadhili walipoahidi kwamba 25% ya fedha za kibinadamu ziwafikie wenyeji, tunaambiwa mambo yanageuka. Nimeona majalada machache ambapo Mkongo ni wa kwanza. Machache.

Hata hivyo usiende Chad ukidhani unatoka kijijini kwenda shuleni. Kazi hii kwa sehemu ilinolewa kwenye mawe yetu ya volkano. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walimwagika Goma kwa siku chache, na kipindupindu na kuhara damu vikaua watu karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Wafadhili walipoona aibu hiyo waliagiza tathmini kubwa ya pamoja, ikatoka 1996, na kutokana na yaliyofunuliwa humo mwaka 1997 ukazaliwa mtandao wa ALNAP unaochunguza kazi ya misaada, na mwaka huohuo mradi wa Sphere, ulioweka viwango vya maji, vyoo na afya kambini. Mtu akikufungulia kitabu cha Sphere huko Abéché kukufundisha lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, msikilize kwa adabu, lakini ujue wafu wa kwetu wamo kwenye namba ile.

Tuliozoea hapa tuna vitu vya kuuza. Ebola ya 2018 hadi 2020: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287, watu zaidi ya 300,000 kuchanjwa, na vijana wetu wakifuatilia waliokutana na mgonjwa mtaa kwa mtaa huku wakirushiwa mawe. Surua ya wakati uleule iliyoua watu zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao watoto, huku kamera zote zikiangalia Ebola; anayeweza kueleza kwa nini fedha zilikwenda kule na si huku ameshaelewa nusu ya somo la tathmini. Mpox ya aina mpya iliyotambuliwa Kamituga, ambayo mwezi Agosti 2024 iliilazimisha WHO kutangaza dharura ya kimataifa. Kisha ule mtindo wa kulipa vituo kwa matokeo, ambao Kivu Kusini iliuanza mapema, pamoja na vyama vya wenyeji vinavyozunguka nyumba kwa nyumba kuuliza kama mama fulani, ambaye jina lake limeandikwa kituoni, alijifungulia pale kweli. Wakati mwingine mama fulani hayupo. Wakati mwingine hajawahi kuwapo. Hiyo ni shule ambayo Ulaya hawana.

Kwenye mahojiano ya kazi watakuuliza vigezo vya OECD, vile vipimo vya kutathmini mradi vilivyowekwa na shirika la nchi tajiri. Ni 6 tangu 2019, kilipoongezwa kile cha uwiano kati ya mradi na miradi mingine. Wazee wengi bado wanataja 5. Vitaje, kisha uhamie haraka kwenye ukurasa safi wa Agosti.

Soko lenyewe limepungua

Hili nalo litakulazimisha uchague tofauti na nilivyochagua mimi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka uleule USAID, shirika lake la misaada, ikakoma kuwa shirika linalojitegemea. Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu Kongo. Mradi ukifungwa, anayeondoka kwanza si dereva, ni mtu wa tathmini, kwa sababu hakuna cha kutathmini. Mpango wa tafiti za EDS (tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya), ambazo nchi yetu ilifanyiwa 2007, 2013-2014 na 2023-2024, nao ulikatishwa Februari 2025, na bila namba zile unakosa pa kuanzia kulinganisha.

Waliopoteza kazi si Wakongo peke yao. Wazungu wenye uzoefu wa miaka 20 sasa wanaomba nafasi ambazo zamani wangezipita. Kwa hiyo ukipewa mkataba wa kimataifa leo, usiuchezee kwa kusema utapata mwingine mwakani. Na ukipewa wa kitaifa wenye fedha za Gavi, Global Fund, Umoja wa Ulaya au Benki ya Dunia, usiudharau pia. Uliza jambo moja kabla ya kusaini: fedha hizi zinaisha lini? Mkataba wa mwaka mmoja juu ya fedha za miezi 7 nimeuona kwa macho yangu.

Karatasi na nyumba

Karatasi nitazipita. Viza ya Schengen huombwa Kinshasa, na uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, Kinshasa kwetu ikawa safari ya kupitia nchi za watu. Kwa nchi za Afrika mwajiri mwenye akili atakushughulikia viza. Asipojua, hiyo ni dalili. Anza na nchi inayotumia Kifaransa: Chad, Niger, Guinea, Afrika ya Kati, Madagascar. Kiingereza kijifunze huku ukifanya kazi, maana ripoti nyingi zinazolipa vizuri huandikwa kwa lugha hiyo.

Nyumba ni ngumu zaidi. Vituo kama Abéché mara nyingi haviruhusu familia. Mwanaume akienda, watasema anatafuta maisha. Mwanamke akienda, watauliza kwanza nani aliyemruhusu, na mama mkwe atahesabu siku. Mimi binti yangu alijifunza kusoma nikiwa Maradi. Alinisomea kwenye simu neno lake la kwanza, mtandao ukakatika katikati, na hadi leo sijui lilikuwa neno gani kwa sababu yeye mwenyewe amelisahau. Hakuna posho ya kipengele hicho.

Njia ya katikati

Kuna watu kama mimi sasa ambao hawakuchagua: makao Goma, kazi za wiki 3 hadi 6 nje. Nasifiwa kwamba nimepata bora ya pande zote. Ni kweli kwa sehemu. Binti yangu ananiona, na jina langu liko mstari wa kwanza kule na mara mojamoja hata huku.

Ila mtathmini wa kujitegemea hana mwezi wa 13 wala mwezi wa 1. Mkataba wangu wa mwisho uliandikwa siku 25. Nilifanya siku 41, kwa sababu maoni kwenye rasimu yalikuja kutoka kwa watu 9 na 3 kati yao walipingana. Malipo yalikuwa awamu tatu: ripoti ya kuanzia, rasimu, ripoti ya mwisho. Ile ya mwisho ilichukua miezi 5. Benki za Goma zilikuwa zimefunga milango tangu Januari ile ya 2025, hivyo kuipokea fedha ilikuwa kazi nyingine isiyolipwa. Bima unajinunulia, na ukipata malaria ugenini siku ile si ya kazi. Safari ya kwenda Kigali kupanda ndege haihesabiwi kwenye TDR yoyote niliyowahi kusaini, hadi nilipoanza kuiandika mwenyewe kwenye bajeti.

Njia hii haifai kwa anayeanza. Anayekuita kwa wiki 4 anakuita kwa sababu ameshasoma ripoti yenye jina lako. Kama hakuna ripoti hiyo, hakuna atakayekuita.

Nilichomwambia

Nilimuuliza kijana mambo matatu. Umewahi kuongoza tathmini moja mwanzo hadi mwisho, sampuli hadi mapendekezo, hata kama ya zahanati 5? Akasema ndiyo, mbili. Una mtoto chini ya miaka 5? Hana. Mama yako anaumwa? Haumwi, ana kelele tu.

Kama angejibu hapana kwa la kwanza, ningemwambia akamate mradi wa Goma bila kuangalia mshahara, kwa sababu ugenini hakuna mtu wa kukufundisha. Wewe ndiye unayetazamwa. Kama angekuwa na mtoto mdogo, ningesema asubiri, au atafute njia ya katikati baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwa majibu aliyonipa, nikamwambia aende Abéché, mkataba mmoja, asirefushe bila kurudi nyumbani kwanza. Aulize CNSS ataendaje nayo. Asome ukurasa wa bima unaosema nani anaondolewa na nani anabaki. Asiandike dodoso kabla ya kukaa siku mbili na mwenzake wa Chad, na jina la mwenzake liwe mstari mmoja na lake. Hilo la mwisho alilicheka, akadhani ni adabu tu. Nikamsimulia Alhamisi.

Aliondoka Jumanne, akavuka grande barrière, mpaka wetu na Rwanda, na begi moja. Ndani: kadi ya njano ya chanjo, nakala 5 za diploma zenye muhuri, na kilo 2 za sambaza kavu (dagaa wa Ziwa Kivu), ambazo mama yake alizifunga kwenye fomu za udadisi zilizobaki kwangu tangu kampeni ya surua. Nilizifungua moja moja pale barabarani kuhakikisha ni fomu tupu.